Kwa anayeanza kusoma mashapo ya barafuto: eleza kwanza, jina baadaye

Ukisimama kwa mara ya kwanza mbele ya barafuto (mto wa barafu unaosonga polepole) inayorudi nyuma, utaona matuta, mashimo na mirundo ya mawe kila upande, na utatamani kuvipa majina papo hapo. Jizuie. Andika unachokiona, asili yake utaiamua ukishapata ushahidi.

Sababu iko kwenye barafu yenyewe. Barafuto zisizo na baridi kali, kama za kusini mwa Iceland na pwani ya Alaska, ziko kwenye kiwango cha kuyeyuka karibu unene wake wote. Maji hupita juu yake, ndani yake na chini yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kifusi kinachoachwa na barafu huoshwa au huporomoka tena kabla hakijatulia. Mchanganyiko wa mawe, mchanga na mfinyanzi unaweza kuwa tili, yaani kifusi kilichowekwa na barafu yenyewe, iliyokandamizwa chini ya barafu, au tope lililoteleza kutoka mgongoni mwake wiki iliyopita. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Daftarini andika "diamikto", kwa kuwa inataja mchanganyiko tu, bila kudai umeletwa na nini.

Kisha safisha ukuta wa udongo kwa koleo na mwiko. Chagua mawe marefu yapatayo 50, pima mhimili mrefu wa kila moja unaelekea wapi. Chini ya barafu mawe mengi hulala kufuata mwendo wake, na mengi huwa na nyuso zilizosagwa na mikwaruzo. Kwenye tope lililoteleza, mielekeo hutawanyika au hufuata mteremko, na mara nyingi utakuta tabaka nyembamba za mchanga uliooshwa katikati. Usitegemee dalili moja. Mawe ya mviringo ndani ya tili hayanishangazi hata kidogo: barafuto ikisonga mbele huzoa kokoto za mto wa zamani na kuzichanganya na kifusi chake.

Mashimo ndiyo yanayowapoteza wengi. Mafuriko ya Novemba 1996 kwenye uwanda wa Skeiðarársandur, kusini mwa Iceland, yaliyofuata mlipuko wa volkano chini ya barafu kubwa ya Vatnajökull, yalibeba vipande vikubwa vya barafu na kuviacha mbali na barafuto, vingine vikifukiwa na kokoto. Vilipoyeyuka vikaacha mashimo. Anayedhani kila shimo la namna hiyo linaonyesha mahali barafuto ilipokoma atachora ramani ya uongo, hata kama kila kipimo chake ni sahihi.

Jihadhari pia na barafu iliyokufa, ile iliyokatika ikabaki chini ya kifusi. Kifusi kinene huikinga na jua, nayo huweza kudumu miaka mingi. Kilima unachopima leo huenda kikawa bwawa baadaye. Ukiona nyufa mpya, kingo zinazomomonyoka au tope linalotoka ubavuni bila mvua, ujue umbo hilo bado halijakamilika. Na usisimame chini ya ukingo huo.

Vituta vidogo vya kila mwaka ni zawadi kwa mwanafunzi. Majira ya baridi kuyeyuka hupungua sana ilhali barafu inaendelea kusonga, hivyo ukingo wake husukuma tuta dogo; kiangazi hurudi nyuma na kuliacha. Mbele ya Breiðamerkurjökull, barafuto nyingine ya Iceland, utayaona yamepangana mstari kwa mstari. Yahesabu, lakini usiseme tuta moja ni mwaka mmoja mpaka uyalinganishe na picha za angani za miaka tofauti. Mito hufuta baadhi, na barafuto ikisonga mbele zaidi baridi moja huliunganisha tuta jipya na la zamani.

Kila mchoro uwe na tarehe, kipimo na mahali ulipokuwa umesimama. Ukuta uliouchora Juni huenda Agosti umeshachukuliwa na mto, na mchoro wako ndio utakaokuwa ushahidi uliobaki.