Kwa Anayeanza Kazi ya Sadaka Lamu: Orodha, Kipimo na Sitara

Ukijiunga na kamati ya mtaa inayowasaidia wasiojiweza, mkono utakwenda moja kwa moja kwenye gunia. Uzuie, ushike daftari kwanza. Mchele ukishanunuliwa, kuugawa ni kazi ya siku moja. Kujua uende kwa nani ni kazi ya miezi, na hapo ndipo kamati nyingi huharibikiwa: chakula huishia kwa wanaojua kuomba, na mwenye haya hulala na njaa nyumba ya pili.

Mji wa Lamu haujulikani kwa kutazamwa. Nyumba ya mawe ya ghorofa mbili pale Mkomani, yenye daka na mlango wa kuchonga, yaweza kuwa urithi wa watu ishirini waliotawanyika Mombasa na Arabuni, na ndani amebaki mjane mmoja anayeteleka chungu mara moja kwa siku. Na kibanda cha makuti Wiyoni kinaweza kuwa na vijana wawili wanaopata kibarua kila kukicha. Usiandike hali ya ukuta, andika maisha yaliyo nyuma yake. Maswali manne yanatosha. Jana mlikula nini, na mara ngapi? Usiku wa jana walilala wangapi hapa? Wiki hii nani alileta pesa, kwa kazi gani? Deni la duka limefika wapi? Swali la pili liulizwe hivyohivyo. Ukiuliza "familia yenu ni watu wangapi" utatajiwa na mtoto aliyeolewa Malindi. La kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Nyumba iliyokunywa chai kavu asubuhi na jioni haina haja ya kukueleza zaidi.

Maswali hayo yaulizwe na mwanamke anapohojiwa mwanamke, ndani na si barazani. Kamati isiyo na wanawake wa kuingia nyumbani haina orodha, ina uvumi tu. Kumbuka pia mjane aliye katika eda: kwa miezi minne na siku kumi hatoki, kwa hivyo hutamwona kwenye foleni yoyote utakayoipanga, na huo ndio wakati ambao mlishi wa nyumba ametoka kufa.

Orodha isitoke kwa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani. Chukua orodha tatu, kila moja iandikwe bila mwenziwe kuiona: ya mzee wa mtaa, ya mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba, na ya mwalimu wa chuo cha Kurani au wa shule ya msingi. Zilinganishe. Jina lililo katika orodha zote tatu lina uhakika mkubwa. Jina lililo katika moja tu ndilo la kuendewa haraka, kwa sababu ni moja kati ya mawili: ama ni jamaa ya aliyeandika, ama ni mtu aliyefichika ambaye wengine wawili hawamjui. Huwezi kutofautisha mpaka uingie. Wanaosahaulika mara kwa mara ni mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa chumba cha ndani, mvuvi asiye na chombo anayetegemea kuchukuliwa na wenziwe, mwalimu wa chuo ambaye watu humpa heshima zaidi ya riziki, na mpangaji mgeni kutoka bara ambaye hana wa kumtaja.

Sasa kipimo. Mashirika ya chakula cha dharura hupanga kwa kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa lugha ya jikoni, msingi wake ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Hivyo vinakupa zaidi kidogo ya kalori 1,800, na pengo lililobaki hujazwa na samaki, nazi au mboga anavyopata mwenyewe. Zidisha kwa nyumba ya watu sita kwa siku 15: nafaka kilo 36, kunde au pojo kilo 5 na nusu, mafuta lita 2 na nusu, chumvi nusu kilo. Hesabu hii ifanye kwa kalamu yako angalau mara moja, maana itakuonyesha kwamba ule mfuko wa unga kilo mbili na sukari kilo moja, unaogawiwa kwa shangwe, haufikishi hata siku moja kwa watu sita.

Fedha zikitosha nusu ya kipimo hicho, na mara nyingi ndivyo, toa nusu kwa nyumba zilezile kila mwezi, tarehe inayojulikana, na uwaambie wazi kuwa ni nusu. Mama anayejua kwamba tarehe 5 atapata kilo 18 za nafaka ana uwezo wa kupanga: atakataa mkopo, atamwacha mtoto shuleni. Anayepata gunia zima siku asiyoijua hawezi kupanga kitu, na mara nyingine huuza sehemu yake kwa bei ya kutupa ili alipe deni.

Pojo ni bora kuliko maharagwe makavu kwa nyumba inayonunua makaa kwa kopo, kwa sababu huiva upesi. Mzee asiye na meno apewe sehemu ya nafaka yake kama unga wa uji. Uliza kama yuko mwenye kisukari kabla ya kufunga sukari. Maziwa ya unga ya watoto wachanga usigawe kabisa, hata yakiletwa bure: maji yakiwa machafu hugeuka ugonjwa, mama hukaukiwa maziwa, na Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti vibadala vya maziwa ya mama, michango yake ikiwemo.

Gunia la mchele la kilo 50 halitoi mifuko 25 ya kilo mbili. Linamwagika, linapungua, na mizani ya duka ina mambo yake. Panga kwa 24, na kilichozidi kirudi kwenye daftari la akiba. Ghala likiwa ndani ya nyumba ya mawe, kuta za matumbawe zina unyevu na chumvi mwaka mzima. Weka magunia juu ya chaga za mbao, yaachane na ukuta kwa nusu mita, na usipange marefu hata hewa isipite. Mahindi ndiyo ya kuhofiwa zaidi. Yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Gunia lenye harufu ya uvundo au punje zenye rangi ya kijani na kijivu halipunguzwi kwa kuchagua, linatupwa lote. Usimpe maskini kitu ambacho hungempikia mwanao.

Kusafirisha ndiko kunakokula fedha za kamati changa. Ndani ya mji ni punda, gunia moja la kilo 50 kwa punda mmoja na si zaidi, kwani ngazi na vichochoro vya Langoni humchosha kabla hajafika. Kwenda kisiwa cha Pate, saa ya kuondoka huipangi wewe. Mlango wa Mkanda ni mwembamba na haupitiki vizuri ila maji yakijaa, na ukifika gati la Mtangawanda bado kuna safari ya nchi kavu hadi Siyu au Faza. Muulize nahodha maji kabla hujamwahidi mtu wa Kizingitini siku. Ukifika maji yamekupwa, mahamali watabeba magunia kwenye tope, gharama inapanda, na magunia mawili matatu hulowa. Turubai chini na juu ya mzigo, hata siku ya jua, na aliyesindikiza mzigo ahesabu magunia mara tatu: ghalani, chomboni, na mlangoni mwa anayepokea.

Mjini, peleka baada ya isha, nyumba kwa nyumba, na mfuko usio na maandishi. Foleni ya mchana ni rahisi kwa kamati na nzito kwa anayepanga mstari mbele ya majirani na wakwe zake, na wanaohitaji zaidi ndio watakaobaki nyumbani. Mfadhili akitaka picha, mpe picha ya magunia, risiti na ukurasa wa daftari uliofunikwa majina. Uso wa mpokeaji si risiti. Akishikilia sana, heri kukosa mchango wake.

Ukituma fedha kwa M-Pesa badala ya chakula, soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza kukubali. Nambari nyingi za wazee zimesajiliwa kwa jina la mjukuu, na pesa hufuata mwenye laini. Ongeza ada ya kutolea, la sivyo umempa pungufu ya ulichoandika.

Juu ya fedha zenyewe, fungua daftari tatu tangu siku ya kwanza: zaka, sadaka ya kawaida, na amana zenye sharti la mtoaji. Zisichanganywe hata kwa mkopo wa siku mbili. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, na kodi ya ghala haimo, kwa hivyo tafuta fedha za punda na mashua kutoka sadaka, na lolote la utata lipeleke kwa masheikh wa mji kabla ya kutumia, si baada. Zakatul fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, nayo kwa mchele hukadiriwa kilo mbili na nusu hadi tatu. Chukua tatu ubaki salama. Kwa madhehebu ya Shafi inayofuatwa hapa hutolewa chakula chenyewe, basi anayekupa pesa amekufanya wakili wa kumnunulia. Lazima ifike kabla ya sala ya Idi, kwa hivyo ya Kiwayu na Ndau iondoke mapema katika kumi la mwisho la Ramadhani, usisubiri mwezi uandame.

Fidia na kafara ndizo zinazochanganya wageni wa kazi hii. Fidia ya mgonjwa asiyeweza kufunga na asiyetarajiwa kupona ni kibaba, yaani robo ya pishi, kwa kila siku, na vibaba vya siku 30 vinaweza kumwendea fakiri mmoja. Kafara ya yamini, yaani ya kiapo kilichovunjwa, haiko hivyo: inataka masikini kumi, vichwa kumi, na nyumba ya watu watatu haiwezi kuipokea yote. Andika kwenye daftari aina ya mchango siku ileile unaopokelewa, maana baada ya wiki hakuna atakayekumbuka.

Kuna pengo ambalo lazima ulijue mapema. Watu hutoa Ramadhani, na kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, upepo wa kaskazi ukiwa bado. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa ufukweni, na nyumba za wavuvi huingia kwenye deni. Njaa huja fedha zimekwisha. Sadaka isiyo na sharti la wakati iwekewe fungu la miezi ya kusi, na umwambie mtoaji hivyo waziwazi anapotoa.

Akaunti iwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii, na itolewe kwa saini mbili. Michango isipite kwenye simu ya mtu. Mwenye punda na hamali hawatoi risiti, basi andaeni hati ya malipo yenu: tarehe, kazi, kiasi, saini au alama ya kidole gumba.

Kabla ya kumwandika mtu kwa msaada wa kudumu, angalia haki yake nyingine. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa nyumba zinazolea mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa, lakini bila kitambulisho hakuna linaloendelea. Kumsindikiza bibi kufuatilia kitambulisho kunaweza kumfaa kuliko mchele wa mwaka. Vivyo hivyo bima ya afya ya serikali, SHA: asiye na ajira rasmi hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Nyumba yenye mgonjwa wa mara kwa mara, mlipieni hiyo kabla hajalazwa hospitali ya King Fahd na harambee kuanza.

Nguo za mitumba zichaguliwe kabla ya kutoka, zilizochanika zigeuzwe matambara.

Kila anayeingia nyumba yenye watoto abebe utepe wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Wote wapelekwe kliniki. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, mpeleke siku hiyohiyo hata kama mkono unaonekana mnene, na nauli ya boti itoke kwenye kamati bila kusubiri kikao. Mfuko wa chakula hauponyi mtoto aliyefika hapo.

Orodha ipitiwe kila baada ya miezi mitatu. Jina likitoka, andika tarehe, sababu na aliyependekeza, na mwenyewe aambiwe mwezi mmoja kabla, ana kwa ana, na yuleyule aliyemwandikisha. Aliyepata kazi leo anaweza kuikosa kusi ikirudi, kwa hivyo ukurasa wake usichanwe.