Jibu: mradi wa ubora wodi ya wazazi, tuanzie wapi?

Dada uliyeuliza, umesema inchaji kakwambieni muanzishe mradi wa ubora wodi ya wazazi na umeshakusanya modeli chungu nzima hujui ushike ipi. Mie ni mkunga huku Pemba, nakwambia shika PDSA, yaani panga, fanya, chunguza, tenda, mnajaribu badiliko dogo kwa duru, kila duru mnajifunza kisha mnarudia; nyengine weka kwanza. Ile 5S ya Wajapani ya kupanga makabati na kubandika lebo ni nzuri, lakini kabati safi halimzuii mzazi kutoka damu nyingi akishajifungua.

Na damu ndo ningeanzia. Sie tulikuwa twakisia kwa macho, unaangalia kanga ilivyolowa unaandika "kiasi", na kila mkunga ana kiasi chake, tena jicho hukisia chini hasa damu ikiwa nyingi. Ushahidi upo wa huku huku Afrika, utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: walitandika plastiki yenye alama za mililita chini ya mzazi, damu ikizidi wakampa vyote kwa pamoja, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (ya kusaidia damu igande), dripu na kumkagua, badala ya kujaribu kimoja wakasubiri. Yale mabaya (damu kufika lita, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, kifo cha damu) yakapungua kwa 60%. Kama plastiki hiyo hamna msingojee bohari, pimeni vitambaa, uzito wa vilivyolowa toa wa vikavu, gramu moja ni kama mililita moja.

Ila kabla hamjabadilisha kitu andikeni wiki kadhaa hali ilivyo, bila ya hivyo mtabishana tu. Halafu jaribuni kwa mkunga mmoja, shifti moja, mzazi mmoja, na mkae siku ile ile mzungumze. Kwetu shifti ya usiku haikupima kabisa, kumbe mizani inafungiwa ofisini na ufunguo umekwenda nyumbani, sasa hilo kwenye kikao ungelijulia wapi? Tukaihamishia leba. Duru ya pili fomu ikawa haijazwi, tukaiacha, tukachora kisanduku kwenye karatasi ile ile wanayoandika presha. Grafu tumechora kwa mkono ukutani.

Daktari mshirikisheni mapema, tena kwa maandishi, damu ikifika wapi mkunga aanze matibabu bila ya kusubiri simu. Kwetu hilo lilichukua muda kuliko mizani na fomu pamoja, mambo ya vyeo si unayajua.