Baiskeli imepigiwa mluzi, ndo nini hiyo?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nasoma Wrocław huku Polandi, Kipolandi najikongoja tu. Jamaa wa hosteli kaingia kafura anasema "gwizdnęli mi rower", dikshenari inasema gwizdnąć ni kupiga mluzi, sasa baiskeli inapigiwaje mluzi? Halafu ticha katuonya tusichanganye załatwić na załatwić się, akacheka, hakueleza.
Msomaji, Wrocław

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mshkaji wako kaibiwa baiskeli, basi. Neno la kuiba lipo, ukraść, ila mtaani wanalizunguka kwa vitenzi vyenye kazi zingine kabisa, gwizdnąć, zwinąć (kukunja), zakosić linalotoka kwenye kufyeka nyasi, yote hayo ni sawa na sisi tunavyosema simu wamepita nayo.

La ticha ndo tamu. Załatwić ni kushughulikia jambo mpaka liishe, mfano kibali cha kuishi, na enzi zile za ukomunisti nyama ilipokuwa ya mgao kwa kadi, 1981 mpaka 1989, mtu akisema załatwiłem szynkę, yaani nimepata paja la nguruwe, ujue kuna mtu anamjua dukani. Sasa weka się, kitendo kinamrudia mwenyewe, inakuwa kwenda haja. Ni -ji- yetu hiyohiyo, kusaidia na kujisaidia! Kwa hiyo "muszę to załatwić" sema hata kwa dekani, ila ukisema "muszę się załatwić" atakuonyesha choo. Na ukimtaja mtu, załatwić kogoś, hapo ushaingia kwenye kummaliza.

Kuna na chrzanić, limetoka kwenye chrzan, ule mzizi mkali wanaoukuna wakala na nyama Pasaka. "Nie chrzań" ni acha pumba, hata bibi anaweza kukwambia. Hilo ni sitara ya pieprzyć, la pilipili manga, ambalo nalo linasitiri tusi zito ambalo mhariri hatalipitisha. Lakini la pilipili bado linachoma: mwaka 2002 Lech Kaczyński akiwania umeya wa Warszawa alimtolea mpita njia "spieprzaj, dziadu", yaani potea we mzee, na likamganda hadi alipokuwa rais.

Choo ukiwa na watu wa heshima? Wazee husema wanaenda anakokwenda mfalme kwa miguu. We uliza tu "gdzie jest toaleta".