Ukianza Kihispania, kipe decir muda wa kutosha

Mwanzoni utafundishwa kitenzi hablar, kwa sababu hakisumbui: hablo, hablas, habla. Kijue, kisha uhamie decir, yaani kusema, mapema. Kwa umbo ni kigumu, lakini kinaficha jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua tangu utotoni.

Hablar ni kuongea au kuzungumza: hablo español, naongea Kihispania; hablamos ayer, tuliongea jana. Decir hubeba lile linalosemwa. Ndiyo maana huwezi kusema «habló que está enfermo». Sharti iwe «dijo que está enfermo», alisema ni mgonjwa. Na ukitaka kusimulia mkasa au hadithi, tumia contar.

Kitenzi hiki hiki hufanya kazi ya kusema na ya kuambia. Anayeambiwa hutangulia kitenzi: me dijo, aliniambia, te dijo, alikuambia, le dijo, alimwambia. Ukiongeza na jambo lenyewe, le hugeuka se: se lo dije, nilimwambia hilo. Katika amri isiyo ya kukataza viambata hivyo huhamia mwisho: dime, niambie; dímelo, niambie hilo.

Sasa tufike kwenye utamu wake. Tazama sentensi hizi mbili:

Dice que vienes. Anasema unakuja.
Dice que vengas. Anasema uje.

Ya kwanza inatoa habari, ya pili inatoa agizo, na kinachozitenganisha ni umbo la kitenzi kinachofuata que. Umbo la agizo, kama vengas, vitabu huliita dhamira tegemezi, na wanafunzi wengi huogopa jina hilo. Wewe usiogope, kwa maana husemi «mwambie anapiga simu» unapotaka apige. Unasema «mwambie apige simu». Dile que llame. Sikio lako tayari linatofautisha habari na agizo, kwa hiyo jiulize tu: kwa Kiswahili ningeweka -e hapa?

Kipimo hicho kina mipaka miwili, na ni vizuri uijue mapema. Wa kwanza ni ukanushi. «No digo que sea fácil» ni sisemi kwamba ni rahisi. Kihispania kimeingia dhamira tegemezi, Kiswahili hakikuhitaji. Wa pili ni wakati uliopita. Sisi husema «ananiambia nije» na «aliniambia nije», nije ile ile. Wao hubadilisha: me dice que venga, lakini me dijo que viniera. Huko Peru na Bolivia utasikia pia «me dijo que venga» mitaani, ila katika mtihani na maandishi rasmi shika viniera.

Maumbo yenyewe hayana njia ya mkato: digo, dices, dice, decimos, dicen, jana dije, dijiste, dijo, dijimos, dijeron, kesho diré, lililokwisha kusemwa, dicho. Angalia dijeron haina i baada ya j. Wengi huandika «dijieron» kwa kufuata comieron, walikula, na kosa hilo likizoeleka hung'ang'ania. Yakariri ndani ya sentensi, usiyakariri kama orodha.

Halafu kuna matumizi ya kila siku. Es decir ni yaani. ¿Qué quiere decir esto? ni hii ina maana gani, swali utakalolihitaji kila siku. Dicen que ni inasemekana. Hispania mtu hupokea simu kwa «¿Diga?» au «¿Dígame?», wakati Mexico utasikia «¿Bueno?».

Zoezi ninalolipendekeza halihitaji kitabu. Chukua maagizo na habari za nyumbani kwenu uzigeuze. Mama anasema ununue mkate: Mamá dice que compres pan. Mama anasema unanunua mkate: Mamá dice que compras pan. Baba alisema tusubiri: Papá dijo que esperáramos. Ziseme kwa sauti, mbili mbili, mpaka compres na compras zisikuchanganye tena.