Kupanua shimo la kifusi: anza na udongo wa juu

Asalaam aleikum ndugu. Umeuliza vipi upanue shimo la kuchimba kifusi (udongo wa mawe wa kujengea) hapo Micheweni, Pemba, huku ukifukia upande wa zamani. Kwanza tazama kibali chako kama kimetaja eneo jipya. Kama hakikutaja, anzia kwa sheha (kiongozi wa shehia yako), kisha idara ya serikali inayotoa vibali vya kuchimba kifusi, na ZEMA (Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar) kwa mazingira.

Kilichonitia hasara mimi ni udongo mweusi wa juu. Tuliuchanganya na kifusi tukauuza. Shimo likabaki jiwe jeupe, hata majani hayakuota. Sasa tunaukwangua mwanzo, tunaurundika pembeni na kuufunika makuti, mvua za masika zisiuchukue. Kingo zichonge mteremko, usiache ukuta: maji yakituama watoto huingia kuoga. Ukisharudisha udongo panda mivinje, migomba isubiri.