Sikukuu ya Kwanza Bila Shemeji

Shemeji alifariki katikati ya mwaka. Sikukuu zilipokaribia nikampigia dada simu: "Ukihitaji chochote niambie." Akajibu, "Haya, asante." Hakuniambia kitu, na sasa naelewa kwa nini. Mfiwa hana nguvu za kukaa akatafuta anachohitaji, halafu tena aanze kuomba. Wiki iliyofuata nikamtumia ujumbe: "Jumamosi saa nne nakuja kuchukua watoto, wewe lala mpaka jioni. Kama hutaki, sema." Alikubali papo hapo.

Siku yenyewe nikavurunda tena. Dada alikuwa amepanga sahani mezani, nikahesabu nikaona imezidi moja. Mkono ukatangulia akili: nikaichukua, nikaificha kabatini, nikaanza habari za mvua. Dada aliniangalia tu. Akaenda kabatini, akaitoa, akairudisha palepale. "Nimehesabu vizuri," akasema.

Nyumba nzima tulikuwa tunalikwepa jina la marehemu, eti tunamkinga dada. Kumbe tulimwachia amkumbuke peke yake. Mdogo wetu ndiye aliyetuokoa, akasimulia jinsi shemeji alivyokuwa akikoroma mbele ya televisheni, na ukiizima tu anaamka na kudai alikuwa anaangalia. Dada akacheka, akalia, akacheka tena.

Jambo jingine lililotusaidia ni ishara. Tulikubaliana mapema kwamba akishika sikio, namtafutia kisingizio cha kutoka nje. Aliitumia mara mbili.

Kosa langu baya zaidi lilikuwa kumpima. Nilikuwa nimesoma zile hatua tano za kukabili kifo, kuanzia kukataa kuamini na hasira hadi kukubali, alizozieleza daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, nikawa najiuliza dada amefika ya ngapi. Baadaye nikajua kwamba hatua hizo zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si wafiwa. Dada yangu angeweza kukasirika asubuhi, akatulia mchana, akakasirika tena usiku, na hakuna alichokosea. Ila mfiwa akianza kusema haoni sababu ya kuishi, hapo usisubiri sikukuu ziishe: kaa naye, mtafutie daktari au mshauri nasaha siku hiyohiyo.

Tangu mwaka ule, siku ya sikukuu simu ya dada huita mfululizo, kwa hiyo mimi hupiga siku ya tatu yake, wageni wakishaondoka. Mwaka jana alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mbona umechelewa?"