Mbwa Hana Dalili, Ini la Kondoo Ndilo Litakalokuambia

Wiki jana dada mmoja wa Narok aliniandikia: mbwa wake amenawiri, kinyesi hakina mnyoo hata mmoja, sasa daktari wa mifugo anataka ampe dawa ya tegu ya nini? Nimemjibu, ila swali lenyewe limenichoma. Ndilo tulilokuwa tukiuliza kwetu Kajiado kabla mdogo wangu hajalazwa.

Tegu anayezungumziwa, ekinokokasi, ni mnyoo wa utumboni mwa mbwa, na hata akikomaa hazidi milimita 7 hivi. Mbwa anaweza kubeba maelfu yake utumboni na bado akashinda malishoni bila kuchoka. Vile vipande vyeupe unavyoviona chini ya mkia ni vya tegu wengine, mara nyingi yule anayeletwa na viroboto. Hata kwenye hadubini mayai ya ekinokokasi hayatofautiani na ya jamaa zake. Kipo kipimo cha antijeni (chembe za mnyoo zinazotafutwa kwenye kinyesi) na cha DNA, lakini mfugaji wa kawaida atakipata wapi?

Kwa hiyo angalia ini na mapafu ya kondoo unayemchinja. Ya kwetu yalikuwa na vifuko vya maji, vingine vya kujaa kiganja, na kama ilivyo desturi alitupiwa mbwa. Humo ndimo lava, yaani watoto wa tegu, wanamokaa. Mbwa akishavila, baada ya wiki 6 au 7 anaanza kumwaga mayai: kwenye nyasi, kwenye manyoya yake, kwenye mikono ya watoto wanaocheza naye. Kondoo au mtu akiyameza, huota vifuko kama hivyo mwilini.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akishinda na mbwa. Alipoanza kuumwa ubavu wa kulia, zahanati moja ilimtibu vidonda vya tumbo kwa muda mrefu, na mhudumu akamwambia mama kwamba kijana anakwepa kuchunga. Maneno hayo sijayasahau. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha kifuko kwenye ini. Akapasuliwa, akapewa albendazoli, dawa ya minyoo, na leo anachunga tena.

Tangu hapo kila mbwa wa boma letu hupewa prazikwanteli, dawa ya tegu, kila wiki 6. Majirani walisema tuna pesa za kuchezea. Juzi tulichinja kondoo waliozaliwa baada ya sisi kuanza, ini safi, mapafu safi, nikamwita mzee wa boma la pili aje ajionee kwa macho yake. Najivunia, na sioni haya kusema. Lakini usipime kwa kondoo mkongwe, maana kifuko alichopata zamani bado anacho. Wachanga ndio watakaokuonyesha kama dawa inafanya kazi.

Mpime mbwa uzito kwanza: dawa ni miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 100. Aivamektini ya ng'ombe haimuui tegu, hata muuza dawa akuapie. Prazikwanteli nayo huua tegu bila kuua mayai, kwa hiyo mfunge mbwa siku mbili, choma kinyesi chake au kifukie, unawe mikono. Halafu usimtupie ini lenye vifuko. Narudia, usimtupie! Lichome, au lifukie shimo refu asilofukua, la sivyo utanunua dawa maisha yako yote.

Ndugu zangu wafugaji, haya si mageni. Huko Turkana, shirika la afya la Amref lilianza mpango wa kupambana na ugonjwa huu mwaka 1983, mbwa wakapewa dawa na watu wakapimwa kwa ultrasaundi. Tunangoja nini? Ongeeni na majirani mtibu mbwa pamoja, maana mbwa hajui mpaka wa boma.

Na wewe dada wa Narok, ukiwa na mtu nyumbani mwenye uvimbe tumboni, apigwe ultrasaundi kabla ya mtu yeyote kumkanda au kumchoma sindano hapo. Kifuko kikipasuka, lava husambaa tumboni, na mshtuko wa mwili unaweza kumuua siku hiyo hiyo.